Chumvi kwanza, grisi mwisho: kutunza maunti za kamera za filamu hapa Tanga

Lenzi ikianza kuzunguka kwa ugumu au kukwaruza inapofungwa, wenye kamera za filamu wengi huuliza ipakwe mafuta gani. Subiri kwanza. Maunti, lile duara la chuma ambapo lenzi hukutana na bodi (mwili wa kamera), ilitengenezwa ifanye kazi ikiwa karibu kavu. Kinachoifanya igome katika mji wa pwani kama Tanga ni chumvi, mchanga na grisi ya miaka mingi iliyoganda. Ukiongeza mafuta juu ya vitu hivyo umetengeneza tope la kusagia chuma, na kila unapobadilisha lenzi unaisaga maunti kidogo.

Iwe kaskazi au kusi, upepo unaopiga Raskazone unatoka baharini. Hubeba matone madogo ya maji ya bahari yanayokaukia hewani, na chembe za chumvi zinazobaki huingia kila penye upenyo, hata ndani ya begi. Chumvi ya kawaida ikikutana na hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 75 hunyonya maji mpaka iyeyuke yenyewe, na usiku wa Tanga unyevu wa namna hiyo ni jambo la kawaida. Kwa hiyo maunti iliyokuwa kavu saa nane mchana huweza kuwa na utando wa maji ya chumvi saa nane usiku. Utando huo ukiunganisha metali mbili, tuseme shaba ya njano ya lenzi na alumini ya bodi, huzigeuza kuwa betri ndogo. Alumini huliwa kwanza na kutoa unga mweupe. Shaba hutoa kutu ya kijani, hasa kwenye kingo ambako kromu imechubuka.

Hapa ndipo kazi yetu ya pwani inapotofautiana na ya watu wa bara. Petroli, mafuta ya viberiti na vimiminika vingine vya jamii hiyo haviyeyushi chumvi kabisa. Spiriti kali huiyeyusha kidogo mno. Unaweza kusugua maunti kwa petroli nusu saa, ikang'aa, na chumvi ikawa bado imekaa kwenye mifereji. Chumvi huondolewa na maji, na maji yenyewe yawe yaliyokenekwa, yale yanayoongezwa kwenye betri za magari. Soma chupa mara mbili kabla ya kulipa: duka hilohilo huuza pia asidi ya betri katika chupa inayofanana, na asidi hiyo inaunguza ngozi na kula chuma. Maji ya kisima yaache, maana yanakuja na chumvi yake.

Kwa nini sehemu ya kumi ya milimita ni kubwa

Kila mfumo una umbali wake maalumu kati ya uso wa maunti na filamu. Kwa lenzi za skrubu za M42, zinazotumika kwenye Praktica, Pentax Spotmatic na Zenit nyingi, ni milimita 45.46. Pentax walipohamia maunti ya K mwaka 1975 waliuacha umbali huo vilevile. Nikon F, tangu 1959, ni milimita 46.5. Canon FD ni 42, Minolta ya SR ni 43.5, Olympus OM ni 46.

Sasa chukua lenzi ya milimita 50 uisogeze mbele kwa milimita 0.1 tu, unene wa punje ndogo ya mchanga iliyobanwa kati ya nyuso mbili. Pete ya fokasi ukiizungusha mpaka mwisho wake wa mbali, picha itakuwa kali kwenye mita 25, na cha mbali zaidi ya hapo hukipati. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha urefu wa fokasi (hizo milimita 50) kwa wenyewe, ugawe kwa kosa. 50 mara 50 ni 2,500. Gawa kwa 0.1 unapata milimita 25,000. Kwa lenzi ya milimita 28 kosa hilohilo linakuleta hadi mita 7.84. Ndiyo maana lenzi pana, zenye milimita chache, ndizo za kwanza kulalamika maunti ikiwa chafu, na ndiyo maana grisi nene kwenye uso wa maunti ni kosa hata kama ni grisi nzuri.

Vifaa

Bisibisi ndicho kifaa cha kukitafuta kwa makini kuliko vyote. Kamera za Kijapani zina skrubu za nyota za kipimo cha JIS, ambazo machoni zinafanana na za Phillips lakini mfuo wake ni mfupi zaidi. Bisibisi ya Phillips hugota chini kabla mabawa yake hayajashika, kisha huruka na kuchana kichwa. Ukikosa ya JIS, chukua Phillips namba 0 au 00 na ukwangue ncha yake kidogo kwenye jiwe la kunolea, mpaka ikae bila kuchezacheza. Kamera nyingi za Kirusi na za Ujerumani Mashariki zina skrubu za mfuo mmoja, na hapo upana wa bisibisi ulingane na upana wa kichwa. Fundi saa ndiye mtu wa kumwendea: bisibisi ndogo, kibano na kioo cha kukuzia mara nyingi anavyo, au anajua pa kuviagiza.

Ongeza vijiti vya meno, pamba za masikio, kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi, pampu ya mpira ya kupulizia vumbi, na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya rangi ya zambarau huacha utando inapokauka. Vitakasa mikono vina gliserini, visikaribie kamera. Kwa grisi iliyoganda tumia mafuta ya viberiti yaliyo safi. Petroli ya sheli ina viongezwa vinavyobaki juu ya chuma. Fungua madirisha na hakikisha hakuna jiko linalowaka karibu. Feni izimwe pia, kwa sababu inapeperusha vumbi na skrubu za milimita 2.

Kuosha

Upande wa lenzi ni rahisi. Simamisha lenzi ikiangalia chini, maunti juu, na ufunike kioo cha nyuma kwa karatasi laini uliyoikata duara. Kwanza puliza, usifute. Mchanga wa pwani una kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko shaba, kuliko alumini na kuliko chuma cha pua. Ukifuta kabla ya kupuliza unachora. Baada ya kupuliza, lowesha pamba kwa maji yaliyokenekwa, ikamue ibaki na unyevu tu, ufute uso wa maunti, kisha masikio (vile vipande vinavyochomoza na kuishika lenzi kwenye bodi) mbele na nyuma, kisha ukingo wa ndani. Badilisha pamba kila mzunguko mmoja. Mizunguko mitatu inatosha kwa lenzi iliyokaa ndani ya nyumba. Iliyopigiwa picha ufukweni ipe mitano. Fuata na alkoholi ili kuyafukuza maji, halafu mafuta ya viberiti pale tu palipo na grisi nyeusi, na umalizie tena kwa alkoholi.

Kutu ya kijani haitoki kwa kufutwa. Ikwangue kwa kijiti cha meno kilicholoweshwa maji, na ikikataa tumia kijiti cha mwanzi kilichochongwa. Msasa hapana, sifongo ya chuma hapana. Vyote viwili hupunguza unene wa maunti na kuondoa kromu iliyobaki, na chini ya kromu ni shaba tupu inayoisubiri bahari.

Upande wa bodi unataka tahadhari zaidi kwa sababu nyuma ya duara kuna kioo cha kuakisi, na juu yake skrini ya fokasi. Kioo kile kimepakwa fedha au alumini kwa mbele, hakina gilasi ya kukilinda, na skrini ya kamera nyingi ni plastiki inayoharibiwa na tone moja la kimiminika kikali. Mbele ya kioo pana ukanda wa sifongo unaokipokea kinaporuka. Kwenye kamera ya miaka ya 1970 sifongo hiyo mara nyingi imeshageuka lami, na ikiguswa na alkoholi itapaka kila kitu. Basi jaza kitambaa kikavu kwenye shimo la bodi bila kukigandamiza kioo, kisha shika kamera ikiangalia chini unapofanya kazi, ili kinachodondoka kidondokee mezani. Hakuna kimiminika kinachomiminwa kwenye bodi. Pamba ndiyo inayolowa.

Kama kamera yako ni ya miaka ya karibuni zaidi na ina vituo vya umeme kwenye maunti (vidoa vya chuma vinavyopeleka umeme kwenye lenzi), vifute kwa alkoholi tu. Grisi isivifikie kamwe.

Duara linapolazimika kufunguliwa

Kwa maunti nyingi za masikio kazi inaishia hapo. Fungua duara la bodi pale tu lenzi inapoyumba, au mchanga uliopo nyuma yake hautoki kwa kupuliza. Pima hivi: funga lenzi, ishike shinani, jaribu kuizungusha. Ikisogea unywele mmoja kulia na kushoto, tundu la pini ya kufuli, ile inayoizuia lenzi isizunguke, limechakaa kidogo, na hilo haliharibu fokasi. Halafu jaribu kuisukuma juu na chini kama unayetikisa jino. Hapo isisogee hata kidogo. Ikisogea na ukaona upenyo ukifunguka, springi zimelegea.

Springi hizo ni vipande vyembamba vilivyojificha nyuma ya duara la bodi. Huyasukuma masikio ya lenzi kwa ndani, na hivyo kuuvuta uso wa lenzi ulalie uso wa bodi. Kuzifikia unatoa skrubu za duara, ambazo huwa nne hadi sita. Chora duara kwenye karatasi, bandika tepu ya pande mbili, na kila skrubu ikae mahali pake kwenye mchoro. Zinaweza kutofautiana urefu. Sukuma bisibisi kwa nguvu kuelekea chini, nguvu ya kuzungusha iwe kidogo tu. Skrubu ikigoma, huenda ilifungwa kwa rangi ya kuzuia kulegea: weka tone moja la asetoni halisi kwa ncha ya sindano, subiri dakika kumi, ujaribu tena. Asetoni isiguse plastiki, rangi wala ngozi ya bodi. Ikigoma bado, gusisha kichwa chake ncha ya pasi ya solda ya fundi redio kwa sekunde 10 hadi 15, uiache ipoe, na mara nyingi itaachia.

Unapoinua duara, nenda polepole. Chini yake huweza kuwa na pete nyembamba za shaba au karatasi, zenye unene wa sehemu ya mia chache za milimita, ambazo kiwanda kiliziweka ili kutimiza ule umbali nilioutaja. Nyingine ni vipande vidogo chini ya skrubu moja tu. Pete iliyosahaulika mezani, au iliyorudi ikiwa imekunjika, ndiyo sababu ya kamera nyingi "zilizofanyiwa sevisi" kupoteza fokasi. Zipige picha kwa simu kabla ya kuzigusa.

Springi iliyolegea inainuliwa kwa kibano, chini ya nusu milimita, kisha unajaribu lenzi. Mara mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa: springi iliyokunjwa kupita kiasi hupasuka, na iliyokaza mno husaga masikio ya kila lenzi unayoifunga. Wakati wa kurudisha duara, ingiza skrubu zote kwa vidole kwanza, kisha kaza kwa kuvuka upande hadi upande kama nati za gurudumu la gari, raundi mbili. Tone dogo la rangi ya kucha pembeni mwa kila kichwa linazuia kulegea, na siku nyingine asetoni italitoa.

Grisi sasa

Baada ya kuosha, funga lenzi ikiwa kavu. Ikizunguka vizuri, acha hivyo. Ikiwa bado inakwaruza chuma kwa chuma, tumia grisi ya sinthetiki yenye PTFE (teflon) au grisi nyeupe ya lithiamu iliyo laini. Kipimo: punje moja ya ulezi inatosha maunti mbili. Iweke kwenye ncha ya kijiti cha meno, gusisha upande wa mbele wa kila sikio la lenzi, ule unaokutana na springi, kisha funga na fungua lenzi mara tano. Toa lenzi, chukua kitambaa kikavu ufute kila unachokiona. Kinachobaki ni utando usioonekana, na huo ndio uliokuwa unahitajika. Uso mpana wa maunti, unaopima umbali, unabaki bila kitu. Ukipitisha kidole na kikatoka kinang'aa, umeweka nyingi.

Grisi ya lithiamu ya kopo la kupuliza isipulizwe kwenye kamera. Pulizia kwenye kipande cha bati, subiri kimiminika kiruke, uchote kinachobaki.

Kuna vitu vinavyopatikana kila duka na ambavyo havifai, na ni vizuri kujua kwa nini. Mafuta ya nazi, ambayo huku kwetu hayakosekani, huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo hapa ni maji wakati wote. Yatatambaa, yataoza na kugeuka gundi. Mafuta ya mgando ya kujipaka huanza kulainika na kutiririka kamera ikiachwa kwenye gari juani. Mafuta ya cherehani ni mazuri kwa cherehani, lakini ni mepesi na yatatembea hadi kwenye nyembe za apacha, tundu la kupitishia mwanga ndani ya lenzi. Nyembe zenye mafuta hunatana, hufunga kwa kuchelewa, na picha zinatoka na mwanga mwingi huku ukiilaumu shata, pazia linalofungua mwanga ufike kwenye filamu. WD-40 ni hivyohivyo, na zaidi inafukuza grisi nzuri kutoka kwenye nyuzi za skrubu zinazosogeza fokasi. Grisi ya silikoni inatambaa pia, na ikifika kwenye kioo cha lenzi ni kazi kuitoa.

Tanga ni mji wa baiskeli, na grisi ya baiskeli iko kila kona. Kosa lake kubwa liko kwenye kopo: limeshaingizwa vidole vyenye mchanga mara mia. Na ni nzito kwa kazi hii. Unga wa risasi ya penseli, ambao wengine huusifu kwa sababu ni mkavu, ni grafaiti, na grafaiti ikilowa maji ya chumvi juu ya alumini huifanya alumini iliwe haraka zaidi. Bara huenda usidhuru. Pwani usitumie.

Pini ya kufuli, Canon FD na M42

Pini ya kufuli iliyokwama kwa kawaida ina chumvi na mchanga shinani. Weka kamera ikiangalia chini, bonyeza kitufe cha kuachilia lenzi mara ishirini huku ukipitisha pamba yenye maji, kisha yenye alkoholi, kuizunguka pini. Ikirudi yenyewe kwa haraka umemaliza. Ikiwa nzito bado, mafuta ya saa kwenye ncha ya sindano, kiasi cha kulowesha shina la pini tu. Hapa peke yake ndipo mafuta ya maji yanaruhusiwa.

Lenzi za kwanza za Canon FD, za 1971 hadi 1979, hazizunguki zenyewe. Kinachozunguka ni pete ya kromu iliyo nyuma. Kwa hiyo msuguano uko ndani ya pete, kwenye uso wake unaobana. Lenzi ikiwa nje ya kamera pete hiyo imejifunga, na watu huilazimisha kwa koleo wakidhani ina kutu. Usiilazimishe. Osha upenyo wa pete kwa pamba, grisi ya nusu punje ya ulezi ndani ya ukingo unaobana, kisha ifunge kwenye bodi na kuizungusha huko.

M42 ni nyuzi za milimita 42 zenye hatua ya milimita 1, na adui wake ni kuingizwa upande. Weka lenzi, izungushe kwanza kinyume cha saa taratibu mpaka usikie inadondoka kidogo, tik, hapo nyuzi zimekutana; ndipo uzungushe kufuata saa. Nyuzi zioshwe kwa mswaki laini na maji, kisha alkoholi. Kwa maunti ya alumini ndani ya alumini weka grisi kidogo sana kwenye nyuzi mbili za kwanza, kwa sababu alumini kwa alumini hushikana na kung'oana. Lenzi ya M42 yenye apacha ya kujifunga ina pini nyuma: hiyo ibaki kavu.

Baada ya ufukweni, na baada ya kazi

Ukirudi kutoka Pangani au ufukweni, futa maunti kwa maji siku hiyohiyo, kabla usiku haujaingia na unyevu wake. Usafi kamili naupendekeza mara mbili kwa mwaka, masika inapoisha na kabla ya vuli. Kasha la ngozi ni la kubebea, si la kuhifadhia. Ngozi hushika unyevu na kulea ukungu. Weka kamera kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na silika (chembe zinazonyonya unyevu), na silika ikibadilika rangi ikaushe kwa nyuzi 110 hadi 120 mpaka irudi ilivyokuwa. Mchele haufanyi kazi hiyo vizuri, na unga wake huingia kwenye lenzi. Kamera iliyotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi ikae ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la nje, la sivyo umande utatua moja kwa moja kwenye chuma ulichokikausha.

Kama ulifungua duara, pima fokasi kabla ya kuweka filamu. Fungua mgongo wa kamera, tandaza karatasi ya kunakilia michoro juu ya reli mbili za ndani na uibandike ikaze, weka shata kwenye B na uishikilie wazi, apacha iwe wazi kabisa, lenzi kwenye alama ya mwisho wa mbali. Elekeza kisiwa cha Toten kutoka ufukwe wa mjini na utazame picha kwenye karatasi kwa kioo cha kukuzia. Miti ikiwa kali, umbali umerudi ulivyokuwa. Ikiwa na ukungu na inazidi kuwa na ukungu unaporudisha pete nyuma, maunti iko mbele mno: kuna uchafu chini ya duara au pete iliyokunjika. Ikiwa inakuwa kali unaporudisha pete nyuma kidogo, maunti iko ndani mno, na kuna pete moja nyembamba bado iko mezani.